Pengo la Kiitikio

Dumu tupu lilimgonga Munyiva mgongoni kila alipopiga hatua. Alikuwa amelibeba kwa mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama, na kila lilipogonga lilitoa mlio ambao jirani yeyote angeutambua bila kugeuka: mlio wa chombo kisicho na tone. Alikuwa akipita mbele ya boma la Maundu, fundi wa mawe. Nyuma ya ua wa minyaa lilisimama tangi pana, jeupe, lenye plasta laini isiyo na ufa hata mmoja. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, na Mwala yote ilikuwa imekauka hadi mbuzi wakaanza kula maboksi sokoni. Tangi la Maundu lilikuwa na maji, na wanawake watatu walikuwa wamejipanga kwenye bomba lake.

"Mama Syombua," aliita Ndila, mkewe Maundu, kutoka langoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye desturi ya kuzungumza huku akitazama miguu yake. "Si uchote hapa tu. Hakuna mtu anauza."

"Asante. Niko na maji."

Akapiga hatua, dumu likamsuta. Ndila alilisikia, wale watatu kwenye bomba walilisikia, na hakuna aliyetia neno. Munyiva akaifuata njia ya mto mkavu hadi kwenye kisima cha kuchimba mchangani, mbali, ambako punda hunywa kabla ya watu na maji huja na manyoya. Huko ndiko alikochota. Heri maji ya punda, maana tangi lile lilikuwa limejengwa kwa saruji ya ukuta uliomuua binti yake.

Watu wa Mwala wasingenyamaza hivyo mbele ya mjane mwingine yeyote. Walimnyamazia Munyiva kwa sababu alikuwa ngui. Kwa Wakamba, ngui ndiye anayetunga wimbo na kuuongoza wakati wenzake wanachimba matuta au kubeba mawe, na si kila mwenye sauti huitwa hivyo. Ngui ana kibali cha kutaja. Mvivu, mchonganishi, mpiga mke, mla mahindi ya msaada: akishatiwa kwenye wimbo kwa jina lake, kwisha habari yake. Katika njaa ya miaka ya themanini, karani mmoja wa ghala aitwaye Laban alizoea kutoa magunia ya msaada kwa mlango wa nyuma. Munyiva alimtungia mistari minne tu. Kabla mvua hazijarudi Laban alikuwa amefunga virago na kuhamia Shimba Hills, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ni baadaye sana Munyiva aliposikia kwamba watoto wa Laban waliimbiwa mistari ile shuleni, na kwamba yule mdogo wao aliacha kuzungumza kabisa, hata nyumbani. Hakuna aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo sifa za watu zilimkaa kooni.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipokutana na Wabahai. Walikuwa familia chache tu pale Mwala, wakulima kama wengine, waliokutana kila baada ya siku kumi na tisa kusali, kushauriana na kula pamoja. Majirani waliwatania: dini gani hiyo isiyo hata na padri wa kuchinjiwa kuku? Munyiva naye alikuwa amewatania, tena kwa vina. Kilichomvuta ni jambo moja ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa dogo. Alielezwa kwamba aibu ya mwenzako si yako ya kutangaza, na kwamba anayeitangaza hujizimia taa ndani mwake mwenyewe. Siku aliyoambiwa hivyo alilia mbele za watu. Alijiunga nao, na ulimi wake akaufunga kama mtu anavyolifunga panga kwenye gunia na kulitia darini.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Nyimbo za sala alizotunga baada ya hapo zilikuwa safi, lakini zilipoa kama uji wa jana. Watu waliziimba kwa adabu, na hakuna kinachomuumiza ngui kama kuimbiwa kwa adabu. Alianza kudhani kwamba Mungu alikuwa ameupokea ulimi wake na kuuweka mahali asikokumbuka.

Syombua ndiye aliyemrudisha. Alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana mrefu, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Alipofika umri wa kuimba na watu wazima alichukua nafasi ya mwitikiaji, yaani yule anayeujibu mstari wa ngui kabla kundi zima halijauokota. Mwitikiaji hodari hamfuati ngui, humsukuma. Munyiva alikuwa na wimbo wake mmoja uliosema, "Nimeugonga mlango wako, ee Ngai, nimeugonga," na kiitikio alichokitunga kilikuwa, "Fungua, niingie." Siku moja mazoezini Syombua akaimba, "Fungua, tuingie sote," akiuchelewesha mwisho kidogo, kama mtu anayemsubiri aliyebaki nyuma njiani.

"Hayo si maneno niliyokupa," mama alimwambia.

"Mwaitu, utaingia peke yako ukafanye nini huko?"

Waliokuwepo waliangua kicheko, Munyiva naye akacheka, na wimbo ukabaki hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu aufunge ulimi wake aliona watu wakiimba wimbo wake huku mabega yakiwacheza. Hata Wakatoliki na watu wa makanisa mengine waliuazima kwa kazi zao za mikono. Kundi la akina mama lilipoanza mwethya, yaani kazi ya ujima, ili kujenga bwawa la mchanga mtoni, wimbo huo ndio uliobeba mawe.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege unaoukata mto wa msimu, mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga hadi kiangazi. Maundu ndiye aliyekuwa fundi. Saruji ya wafadhili ililetwa kwa mkokoteni wa punda, na mifuko ikalazwa kwake ili isinyeshewe. Ilipokuwa ikirudi mtoni ilikuwa inarudi kidogo kidogo, na zege likachanganywa jepesi, na katika majuma yale yale tangi jeupe likawa linapanda nyuma ya ua wa minyaa. Watu waliona. Lakini fundi ni mmoja, kiangazi ni kila mwaka, na tangi la jirani ni maji ya jirani.

Ukuta ulisimama msimu mmoja. Ikaja mvua ya El Nino, ile ambayo watu wa Ukambani bado huisimulia kwa sauti ya chini. Vijana walikuwa wamezoea kuvuka mto kwa kutembea juu ya ukuta, na Syombua alikuwa akirudi nyumbani kutoka mazoezini wakati zege lilipomeguka chini ya miguu yake. Alipatikana maji yalipopungua, chini sana, kwenye mashamba ya watu ambao hakuna wa Mwala aliyewajua.

Alizikwa Kibahai, akiwa amevikwa sanda nyeupe. Pauline, mwalimu kijana aliyekuwa katibu wa Baraza la Kiroho la Wabahai pale Mwala, alisoma Sala ya Maiti huku watu wote wamesimama. Sala ilipokwisha, majirani hawakuondoka. Walikuwa wanangoja wimbo. Maundu alikuwa pale, amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote kama anayeumwa ugonjwa wa kuambukiza. Munyiva alitazama udongo hadi walipochoka kungoja. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena Mama Syombua ila Maundu na mkewe. Wengine waliona jina hilo limekuwa zito kulitamka.

Wabahai wenzake hawakumwambia anyamaze. Baraza lilishauriana, na Pauline akaja kumweleza wazi: kumsema mtu pembeni ni jambo moja, kudai haki mbele ya wenye mamlaka ni jambo jingine, na hilo la pili si dhambi. Wakaenda pamoja kwa chifu. Chifu akaita watu na kuuliza nani alimwona Maundu akichukua saruji. Hakuna aliyekuwa ameona. Wakaenda Machakos mjini, kwenye ofisi moja yenye viti vya plastiki, ambako afisa aliwasikiliza kwa upole na kusema, "Mama, mwaka huo madaraja ya serikali yalibebwa. Huu ukuta wenu mnataka nimshtaki nani? Mvua?" Wakarudi nyumbani. Pauline alilia njiani, Munyiva hakulia.

Kiangazi cha mwaka ule wa tisini na tisa, Mukai alimjia nyumbani. Mukai alikuwa mwenyekiti wa kundi la akina mama, Mkatoliki wa kuhesabiwa, na walikuwa wamekua pamoja tangu wakichunga mbuzi. Hakukaa hata alipokaribishwa kigoda.

"Kuna watu wanataka kutuletea saruji tena," alisema. "Fundi atatoka Kola. Ukuta utajengwa pale pale."

"Ni vizuri."

"Na mwethya ni mwethya. Kila boma litatoa mtu wa kufanya kazi. Boma la Maundu pia."

Munyiva aliendelea kupepeta mbaazi.

"Munyiva, watu wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Usinifanye mtoto. Sisi tukisema ni udaku. Wewe ukiimba ni hukumu. Mtaje huyo mtu, aende alikoenda Laban."

"Kwa chifu ulisema hukuona kitu, Mukai."

Mukai alitazama kando. "Kwa chifu ni kushtaki. Jirani hashtakiwi. Jirani anaimbwa." Kisha sauti yake ikashuka. "Watoto wangu wanakunywa maji yake. Mimi nakunywa, na nikikunywa naona haya. Kila Jumamosi naungama kwa padri, na bado nikikutana na huyo mtu nasikia kutapika. Wewe husikii?"

"Nasikia."

"Basi imba."

"Nikiimba nitafurahi," Munyiva alisema. "Hapo ndipo kuna shida."

Mukai hakuelewa, akaondoka amekunja uso. Kile ambacho Munyiva hakumwambia ni kwamba wimbo ulikuwa tayari. Alikuwa ameshamtunga Maundu mstari kwa mstari, akiteka maji, akitafuta kuni, akisubiri ugali uive. Kulikuwa na mstari wa tangi, mstari wa kofia mkononi, mstari wa Ndila na macho yake ya kutazama chini. Ulikuwa wimbo bora kuliko yote aliyowahi kutunga, na hilo lilimtisha. Tangu awe Mbahai hakuwa ametunga mwenyewe kitu chenye uhai kama kile. Asubuhi alisali kama ilivyompasa, na sala ilipokwisha alikuta wimbo ule umemsubiri mlangoni. Alimwomba Mungu auondoe, lakini aliomba polepole, kama anayeogopa kusikilizwa.

Kazi ilianza. Safari hii mifuko ililazwa katika darasa la shule ya msingi, na fundi wa Kola, mtu wa maneno machache, aliihesabu mwenyewe. Kutoka boma la Maundu alikuja Maundu. Angeweza kumtuma mkewe, na wengi walitarajia hivyo. Alikuja bila mwiko wala timazi, akajipanga na wabeba mawe, na hakuna aliyemsalimia.

Munyiva alipanda juu ya mwamba ambapo ngui husimama. Watu wote walijua, au walidhani wanajua, kwamba siku imefika. Hata punda wa mikokoteni walitulizwa. Aliwatazama, akamtazama Maundu, akafumbua kinywa, na kilichotoka kikawa sala: "Nimeugonga mlango wako, ee Ngai, nimeugonga."

Akangoja. Kiitikio kilikuwa cha Syombua. Kundi lilizoea kuokota baada yake, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuruka mahali pa marehemu. Kwa hiyo hakuna aliyejibu. Upepo ukapita juu ya mchanga, mtu akakohoa. Munyiva hakuwa amepanga hivyo; alikuwa amesahau, au mwili wake ndio uliosahau, kwamba hakuna wa kumjibu. Lakini ndani ya kimya kile alimwona Maundu. Alikuwa amesimama na jiwe begani, na uso wake ulikuwa unakauka kama udongo wa mfinyanzi juani. Munyiva akauelewa uso ule papo hapo. Akaimba mstari wa pili, na safari hii akaliacha pengo makusudi.

Hivyo ndivyo ulivyoendelea. Kila siku ya kazi alisimama juu ya mwamba na kuimba sala isiyomtaja mtu, na kila baada ya mstari aliacha kimya cha urefu wa kiitikio, kisha kirefu zaidi. Wanawake walielewa bila kuambiwa. Kimya kilipoingia waliacha kufanya kazi, wakashikilia mawe yao na kutazama popote isipokuwa kwa Maundu. Baada ya muda suruali yake ilikuwa inafungwa kwa kamba. Watu walianza kupita mbele ya tangi lake na madumu matupu, wakifuata njia ya Munyiva hadi kwenye kisima cha punda, hata wenye watoto wachanga mgongoni. Ndila hakusimama tena langoni.

Na Munyiva alikuwa anafurahi. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Alikuwa amepata njia ya kulitoa panga kwenye gunia bila kulifungua gunia. Aliamka na hamu ya kwenda mtoni. Pale katika kimya alikuwa akimsikia binti yake, kweli alimsikia, ile sauti inayochelewa kidogo mwishoni, na wakati ule ule alikuwa akimwona Maundu akipungua. Mambo hayo mawili yalikuja pamoja, na hakutaka kuyatenganisha.

Sikukuu ya siku ya kumi na tisa ilipofika, Wabahai walikutana nyumbani kwa Pauline. Walisali, wakashauriana, wakala githeri. Baadaye Munyiva na Pauline walibaki nje wakiosha sahani kwa maji machache, sahani moja ikipokea maji ya nyingine.

"Mama," Pauline alisema, "nilipita huko mtoni juzi. Nikasimama na kusikiliza."

"Wimbo ni ule ule."

"Wimbo ni ule ule. Lakini kile kimya kiko na jina ndani."

Munyiva aliweka sahani chini. "Nimemtaja mtu? Nimesema neno gani baya, Pauline? Niambie, nalo Baraza likae liniambie."

"Hakuna neno."

"Sheria nimeishika. Nimeshika kila kitu. Nimemzika mtoto wangu nikiwa nimefunga mdomo. Sasa hata kunyamaza ni makosa?"

"Sisemi ni makosa. Mimi si wa kukuhukumu." Pauline alikung'uta maji mikononi, na sauti yake ikatetemeka kidogo, maana alikuwa amelelewa kutowajibu wakubwa. "Nasema tu nilimjua Syombua. Tuliimba pamoja. Hakuwa mtu wa kunyamaza."

Munyiva aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya katika nyumba ya Mbahai. Njia nzima alikuwa na hasira. Alimkasirikia Pauline kwa ujana wake, akawakasirikia wazazi wa Pauline kwa kumsomesha, akaikasirikia imani ambayo ilimnyang'anya chakula na sasa ilitaka kumnyang'anya na njaa. Alipofika nyumbani aliketi mlangoni na kujaribu kumsikia Syombua bila kumwona Maundu. Hakuweza. Kila alipoitafuta sauti, uso ule uliokauka ulitangulia. Akajaribu hadi kuku wakaingia ndani, kisha akaogopa na kuacha kujaribu.

Hata hivyo kesho yake alikwenda mtoni na kuimba vile vile. Mazoea yana meno.

Walikuwa wamefikia safu za juu za ukuta. Jua lilikuwa kali, na mawe yalikuwa yakipita mkono kwa mkono kutoka kando ya mto hadi kwa fundi. Munyiva aliimba mstari wa kwanza, akanyamaza. Watu wakasimama kama walivyozoea. Kimya kikaingia, kikakaa, kikafika pale ambapo kingekuwa kimekwisha kama ingekuwa siku za mwanzo, kikaendelea.

Ndipo mtu akajibu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, isiyozoea kuimba. Ilianza chini mno, ikapanda kwa shida, ikaimba kiitikio kizima hadi neno la mwisho, na neno hilo ikalichelewesha kidogo, vile vile alivyokuwa akilichelewesha Syombua. Maundu alikuwa amesimama katikati ya mstari wa wabeba mawe, macho yamefumbwa, jiwe begani. Alikijua kiitikio hicho. Alikuwa amekisikia mwezi baada ya mwezi akichanganya zege lile la kwanza.

Mukai aliweka jiwe lake chini. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na mikono yote ikawa mitupu isipokuwa ya Maundu. Wote walimgeukia Munyiva. Ngui ana haki ya kumfukuza anayejitwalia nafasi ya mwitikiaji. Anamfukuza kwa kumtaja. Hakukuwa na mtu pale ambaye angemlaumu.

Chuki iliyomjia Munyiva ilikuwa mpya, kana kwamba Syombua amekufa asubuhi ile. Alikuwa amevumilia tangi. Alikuwa amevumilia kofia mkononi na salamu za Ndila. Lakini pale katika kimya palikuwa mahali pa mwisho alipobaki na mwanawe, na mtu huyu, mtu huyu huyu, alikuwa ameingia na viatu vyake. Mistari yote ikampanda kooni kwa mpangilio wake, wa tangi, wa kofia, wa Ndila, imenolewa, imekamilika, na kinywa chake kikajaa utamu. Aliuonja. Alijua kwamba akiuachia, mtu yule hangelala Mwala usiku ule, na pengine asingelala popote.

Maundu hakufumbua macho. Hakuwa anaomba kitu. Alisimama kama mtu anayesubiri kofi ambalo limechelewa sana.

Munyiva hakumsamehe. Alilitafuta lile neno ndani yake na hakulipata, na mpaka alipozeeka hakudai kwamba alilipata. Baadaye Mukai alipomuuliza kwa nini, alisema tu kwamba jua lilikuwa linapanda na zege lilikuwa linakauka. Alivuta pumzi, akaimba mstari wa pili.

Maundu akajibu. Sauti ilikatika katikati, akaimalizia kwa kunong'ona. Munyiva akaimba wa tatu. Safari hii mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa hana habari na mambo ya watu siku hiyo au aliyekuwa nayo kupita wote, alimsaidia. Mwingine akaingia. Mukai alisimama muda mrefu akiwa amekunja mikono kifuani, machozi yakimtiririka kwa hasira. Kisha akainama, akaliokota jiwe lake, akalipitisha mbele. Mstari wa mawe ukaanza kusogea.

Kufikia adhuhuri mto mzima ulikuwa unaitikia. Walimjibu kwa haraka, kwa nguvu, wakimkata kabla hajamaliza, wengine kwa sauti ya Kikatoliki, wengine kwa sauti ya kwaya zao, na Maundu akiwa chini yao wote kama gogo lililolowa. Ukuta ulipanda. Fundi wa Kola aliacha hata kutoa maagizo. Yeyote aliyepita barabarani angesema kwamba hapo pana sherehe.

Munyiva aliendelea kuita. Kila alipomaliza mstari alitega sikio, akijipenyeza katikati ya sauti zao, akiisaka ile moja inayochelewa kidogo mwishoni. Aliita tena, akatega tena. Pale palipokuwa pa Syombua palikuwa pamejaa watu.